Mafunjo ya Bildadi

Mtu wa kwanza katika Biblia kuutumia mmea wa mafunjo kama hoja ya kumhukumu mwenzake ni Bildadi Mshuhi. Tunamkuta katika sura ya 8 ya kitabu cha Ayubu. Mbele yake ameketi mtu aliyefiwa na watoto kumi kwa siku moja, aliyepoteza mifugo na watumishi, na ambaye mwili wake ni majipu tangu nyayoni hadi utosini. Bildadi anamwuliza swali ambalo kila mtu aliyekulia kando ya maji analijua jibu lake: mafunjo yataotaje mahali pasipo na tope? Kisha anaongeza kwamba mmea huo, ungali mbichi, hata kabla mtu hajaja kuukata, hunyauka upesi kuliko majani mengine yote. Ndivyo yalivyo mapito yao wanaomsahau Mungu.

Swali ninalotaka tulifikirie, wapendwa, ni hili: je, neno lililo kweli kuhusu jani linaweza kuwa uongo likiwekwa juu ya mtu? Silileti kwa sababu ni tamu kujadiliwa darasani. Nalileta kwa sababu nalikuta msibani, wodini, na mara nyingine katika vikao vya wazee wa kanisa tunapozungumza juu ya msharika ambaye hayupo.

Tuanze na jani lenyewe, maana kuhusu jani Bildadi alikuwa mwanafunzi mzuri.

Mafunjo ni ndugu wa ndago. Mkulima yeyote anayepalilia mahindi anaijua ndago, ile unayoing'oa asubuhi na kesho kutwa unaikuta imerudi. Chukua shina lake ulizungushe kati ya vidole: si la mviringo, lina pembe tatu. Mafunjo nayo yana pembe tatu hizo hizo, ila yamenyanyuka mpaka mita nne au tano, na kileleni yamebeba kichwa cha nyuzi za kijani kama ufagio ulioshikwa kwa kuinuliwa juu. Sisi wa Kagera tunayaona kandokando ya mto na kwenye ghuba za Ziwa Viktoria. Yapo katika ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, yapo katika mabonde ya Rwanda na Burundi, ambako huitwa urufunzo (sikiliza jinsi neno hilo lilivyo dada wa neno letu), yapo Uganda kila upande, yapo Sudd huko Sudan Kusini, na kusini yanafika mpaka Okavango nchini Botswana. Ndani yake hujificha nzohe, yule swala wa kwato ndefu anayeogelea, na chini yake kambare na kamongo hupata mahali pa kuzaliana.

Kwa nini yaote huko na si kwingine? Kwa sababu huko maji hayaondoki. Mafunjo hayataki maji ya chumvi, wala maji yanayokimbia kwa nguvu, wala maji yanayopanda na kushuka mno. Yanataka maji yaliyokaa. Mizizi yake haichimbi kwenda chini kutafuta unyevu kama mti wa nyika. Inatoka kwenye mashina manene yanayotambaa kwa ulalo na kushikamana na ya jirani, mpaka yanafanya mkeka mmoja mzito. Mkeka huo huweza kuelea. Mtu akikanyaga hudhani ni nchi kavu, kumbe miguu iko juu ya maji ya kina cha mita kadhaa, na tufani ikija, kipande kizima hukatika na kwenda zake ziwani kama kisiwa. Hapo Bildadi angeweza kubishiwa kidogo, kwa kuwa mafunjo yanayoelea hayagusi tope la chini kabisa. Hula yale yanayoletwa na maji, pamoja na masalia ya mafunjo yaliyokufa kabla yake. Lakini hoja yake kuu inasimama. Maji yakishuka kwa muda mrefu, nyasi za kilimani zilizozoea kiangazi zitavumilia, na mafunjo yatakuwa ya kwanza kugeuka rangi ya udongo. Ukubwa wote ule, urefu wa watu watatu, na hayana akiba.

Basi, kama mambo ya mmea ni sahihi, kosa liko wapi?

Liko katika kugeuza sentensi. Mafunjo yasiyo na maji hukauka: ni kweli. Lakini haifuati kwamba kila funjo kavu limekosa maji. Huenda lilichomwa moto. Huenda liliangushwa na ng'ombe. Huenda mtu alipita na panga, akalikata, akalianika juani ili asuke jamvi au aezeke kibanda. Mtu akiingia uani mwako akaona mafunjo yaliyokauka yameegemezwa ukutani, akasema kwamba haya yaliacha maji yenyewe, utamcheka. Na la ajabu ni kwamba Bildadi mwenyewe alilijua hilo. Katika maneno yake ameweka kifungu kidogo, kwamba yananyauka kabla ya kukatwa. Alijua kwamba kuna kukauka na kuna kukatwa. Alipogeuka kumtazama Ayubu, akasahau.

Kwa maana ukirudi sura ya kwanza, Ayubu hakukauka. Alikatwa. Waseba walikuja wakachukua ng'ombe na punda. Moto ukaanguka juu ya kondoo. Wakaldayo wakaja makundi matatu wakachukua ngamia. Upepo mkubwa ukatoka jangwani ukaipiga nyumba waliyokuwamo watoto. Msomaji ameambiwa tangu mstari wa kwanza kwamba mtu huyu alikuwa mkamilifu na mwenye kumcha Mungu, yaani alikuwa na mizizi majini. Rafiki zake hawakuisoma sura hiyo. Sisi tumeisoma, na ndiyo maana hatuna udhuru walio nao wao.

Nasema hatuna udhuru kwa sababu maneno ya Bildadi hayajaacha kusemwa. Yamebadilisha nguo tu. Siku hizi tunasema, hakuna moshi pasipo moto. Tunasema, atakuwa alifungua mlango mahali. Tunasema, imani yake ilikuwa haba, angesimama katika neno angepona. Tunasema, Mungu hamwonei mtu, na tunaliacha neno hilo likining'inia hewani huku tukimtazama mfiwa. Mama mmoja aliyeharibikiwa na mimba tatu aliwahi kuniambia kwamba kilichomchosha si kliniki, ni ziara za kumfariji. Kila aliyekuja alimwombea, na kabla ya kuondoka alimshauri ajichunguze. Akajichunguza mpaka akawa haoni kitu ndani yake ila hatia, na ile hatia haikuwa na dhambi yoyote nyuma yake ambayo angeweza kuitubu. Mchungaji anaweza kutangaza msamaha wa dhambi. Hatia iliyopandwa na wageni haiondoki kwa msamaha, kwa sababu hakuna cha kusamehewa.

Najua nitakachojibiwa. Mbona Zaburi ya kwanza nayo inamfananisha mwenye haki na mti uliopandwa kando ya maji, na wasio haki na makapi? Je, Zaburi nayo ni ya Bildadi? Na je, dhambi haina matunda? Mlevi haharibu ini lake? Mzinzi havunji nyumba yake?

Ni swali la haki, na sitaki kulikwepa. Maandiko yanafundisha kwamba anayemwacha Mungu anaacha chemchemi ya maji ya uzima, na mhubiri asiyesema hivyo amewanyima watu neno. Lakini angalia Zaburi ya kwanza inasema na nani. Inasema na mtu aliye njiani, mwenye miguu, anayeweza bado kuchagua aende wapi na aketi na nani. Bildadi anasema na mtu aliye majivuni. Zaburi inaanza kwenye maji na kwenda mbele mpaka kwenye tunda. Bildadi anaanza kwenye ukavu na kurudi nyuma kutafuta dhambi, na asipoiona anaibuni. Katika mstari wa 4 tayari ametamka kwamba labda watoto wale kumi walikufa kwa makosa yao. Neno hilo hilo likisemwa mbele ya safari ni onyo, likisemwa juu ya kaburi ni hukumu, na kiti cha hukumu hatukupewa. Mlevi nitamwambia habari ya ini lake leo, akiwa na nguvu za kukasirika na kunijibu. Siku akiwa kitandani anatapika damu, nitamshika mkono.

Wanafunzi wa Bwana wetu nao walikuwa shule ya Bildadi. Katika Yohana 9 walimwona kipofu wa tangu kuzaliwa, wakauliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili, kisha akatema mate chini, akafanya tope. Nimewahi kutaniwa na washarika kwamba mimi huona tope kila mahali katika Biblia. Lakini lipo.

Sasa fikiri jinsi tunavyotenda bonde halisi linapokauka, lile la mafunjo ya kweli. Hakuna anayeyauliza mafunjo yalikosa nini. Mtu mwenye akili hupanda kufuata mto, atazame nani amechimba mfereji.

Katika nchi ya Biblia yenyewe kuna mfano. Kaskazini mwa Israeli, juu ya Bahari ya Galilaya, kuna bonde la Hula, ambalo ni kati ya mahali pa mbali kabisa kaskazini ambapo mafunjo huota yenyewe. Kati ya mwaka 1951 na 1958 ziwa lake na kinamasi chake vilikaushwa kwa mifereji ili kupata mashamba na kuondoa malaria. Nia haikuwa mbaya. Lakini udongo wa kinamasi ulipokauka ulishika moto wenyewe kwa wenyewe chini chini, ukageuka vumbi, ardhi ikadidimia, na uchafu uliokuwa ukichujwa na kinamasi ukaanza kuteremka kuelekea Galilaya. Mwaka 1994 walirudishia sehemu ya bonde hilo maji. Kule Misri, ambako mafunjo yalikuwa alama ya nchi nzima, yalikaribia kutoweka kabisa, mpaka katika miaka ya 1960 Hassan Ragab alipoleta miche kutoka Sudan akaipanda tena. Je, mafunjo ya Misri yalikuwa yamemsahau Mungu?

Na kwetu? Jiji la Kampala hutiririsha maji yake machafu kupitia kinamasi cha Nakivubo kabla hayajaingia Ziwa Viktoria, si mbali na mahali ambapo jiji hilo hilo huvuta maji ya kunywa. Mafunjo yale yamesimama kati ya choo na bomba, na sehemu yake kubwa imegeuzwa mashamba ya magimbi, viwanda na makazi. Uganda imeandika katika Katiba yake ya mwaka 1995 kwamba ardhi oevu ni amana inayoshikwa kwa ajili ya wananchi wote. Tanzania, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria hizo ni njema. Ila naona ni rahisi mno kuzisoma kwa sauti ya Bildadi. Yule mama anayelima mboga bondeni wakati wa kiangazi, tunamnyooshea kidole kwamba ameharibu uumbaji, wala hatuulizi shamba lake la juu lilikwenda wapi, liligawanywa mara ngapi kati ya ndugu, na mvua ilimfanyia nini. Naye huyo amekatwa. Mwenye pampu kubwa na hati ya ardhi anapita katikati yetu akisalimiwa kwa heshima, na huenda sadaka yake ndiyo iliyoezeka kanisa. Usharika wenye shamba bondeni, na zipo sharika za namna hiyo, una jambo la kuzungumza kabla ya kuhubiri juu ya jambo hilo kwa wengine.

Turudi kwenye kitabu. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa mafunjo ni gome, na katika Agano la Kale lote linatokea mara nne tu. Mara moja ni hapo kwa Bildadi. Mara nyingine ni Isaya 18, ambako wajumbe wanasafiri majini kwa vyombo vya mafunjo. Nyingine ni Isaya 35, katika ahadi kwamba nchi ya kiu itakuwa chemchemi na makao ya mbweha yataota matete na mafunjo. Angalia ni kitu gani kinachobadilika katika ahadi hiyo. Mafunjo hayaambiwi yajirekebishe. Maji yanakuja, basi. Na ya nne, ambayo kwa mpangilio wa Biblia ni ya kwanza, ni Kutoka 2. Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu, ambaye mfalme ameagiza atupwe mtoni, anatengeneza kisafina cha mafunjo, anakipaka lami, anamweka mwanawe ndani. Mtoto huyo hakuwa na kosa lolote ila kuzaliwa. Jani lile lile ambalo Bildadi alilifanya fimbo, Yokebedi alilifanya kitanda.

Naongeza hapa jambo dogo, ingawa linatutoa njiani kidogo. Watu wa kale walipasua moyo wa shina la mafunjo kuwa vipande vyembamba, wakavilaza kwa kupishana, wakavigandamiza, wakapata ukurasa wa kuandikia. Hata neno letu karatasi limetujia kwa Waarabu kutoka kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa ukurasa wa mafunjo. Katika maktaba ya John Rylands mjini Manchester, Uingereza, kuna kipande cha ukurasa wa namna hiyo kutoka Misri, kidogo kuliko kiganja cha mkono, ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa cha karne ya pili, kati ya vipande vya kale kabisa vya Agano Jipya tulivyo navyo. Kilichosalia juu yake ni maneno machache ya Yohana 18, Yesu akiwa mbele ya Pilato, kufikia mahali ambapo hakimu anatamka kwamba haoni hatia kwake. Alitamka hivyo, kisha akamtoa akatwe.

Martin Luther, katika hoja zake za Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Wa kwanza, alisema, huita ovu jema na jema ovu. Wa pili huita kitu kwa jina lake. Bildadi ni wa kwanza. Alikuwa na Mungu asiyemwacha mwema apate baya, na ili Mungu huyo asiharibikiwe, ilimbidi rafiki yake awe mwovu. Kuita kitu kwa jina lake kungekuwa kusema: Ayubu, umekatwa, na sijui kwa nini. Ni sentensi fupi. Katika miaka yangu ya utumishi nimeona jinsi ilivyo ngumu kuisema ukiwa umevaa kola.

Mungu mwenyewe anaponena, kuanzia sura ya 38, hamjibu Ayubu kwa orodha ya dhambi. Anamtembeza katika uumbaji. Na katika sura ya 40 anamfikisha kinamasini. Pale amelala mnyama mkubwa, ambaye wengi humwona kuwa kiboko, amejificha katika matete na tope, na mto ukifurika hatetemeki. Neno la Kiebrania la kinamasi hapo, bitsa, ni lile lile alilolitumia Bildadi aliposema mafunjo hayaoti bila tope. Tuliosoma Kiebrania kwa jasho chuoni tuna furaha ndogo kama hizi. Ni tope lile lile, ila Bildadi alipoingia humo aliona mfano wa kumshinda mtu mwenye majipu, na Mungu alipoingia alionyesha kiumbe chake kimepumzika, akanyamaza kabisa juu ya nani alistahili nini.

Halafu, katika sura ya mwisho, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa. Wachukue ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, waende kwa Ayubu, naye atawaombea. Wengi hatuoni mpangilio wa mistari pale. Uteka wa Ayubu unageuzwa katika mstari wa 10, alipowaombea. Maana yake, Bildadi Mshuhi alipofika na wanyama wake, Ayubu alikuwa bado hajarudishiwa kondoo hata mmoja, na andiko halijataja kwamba ngozi yake ilikuwa imepona. Ilimbidi asimame kando ya lile lile lundo la majivu, aombewe na mtu mkavu.